Suti Namba Tatu

Nianze kwa kukubali: kosa lilikuwa langu. Makhanu alinionya, na mimi ndiye nilimjibu, "Nani atalinganisha?" Kuna watu hapa mjini wanaisimulia hii hadithi wakimlaumu yeye. Nikiwasikia damu inanichemka, kwa hivyo wacha niieleze mwenyewe.

Naitwa Wangeci, lakini wengi wananijua kama Mama Shiru. Nina duka la kompyuta na uchapishaji hapa Nakuru, dakika tano kwa miguu kutoka mochari. Vijana wanakuja kujaza fomu za serikali, wengine wanataka fotokopi ya kitambulisho, lakini chakula changu kinatoka kwa programu za mazishi. Sioni haya kusema. Watu wanakufa, na siku hizi hakuna mtu anazikwa bila programu: picha mbele, ratiba ya ibada, historia ya maisha, nyimbo, shukrani za familia. Wiki nyingine tunafanya nane.

Mtu wa kuzipanga ni Makhanu. Ni mrefu, mwembamba, ana miaka arobaini na mbili, na anatembea pole pole mpaka unashikwa na hasira. Ukimtuma sokoni ujue umemtuma safari. Siku moja tulienda pamoja kununua nyanya, na yeye akasimama mbele ya mama mboga akiangalia zile nyanya zimepangwa nne chini, moja juu, mafungu kumi yote sawa, kila moja ikiwa imegeuzwa upande wake mwekundu. Akaniambia, "Mama Shiru, ona. Hakuna mtu alimfundisha. Ameamua mwenyewe." Nikamwuliza kama tumekuja kununua nyanya ama kuziombea.

Hiyo ndiyo dini yake, kama ana nyingine mbali na ile ya Jumapili. Anasema hakuna kitu kilichotengenezwa na mtu bila mtu kuamua. Pakiti ya unga, kuna mtu aliamua ile nyekundu iwe hapo. Kifuniko cha shimo la maji taka, kuna mtu aliamua ile michoro. Chini ya meza yake ana katoni imejaa takataka: karatasi za mkate, maganda ya viberiti, kipande cha leso, lebo za blanketi. Mara mbili nimejaribu kuitupa. Mara ya pili aliiokota kwa jaa na hakuniongelesha siku nzima.

Hizo lebo za blanketi ni za baba yake. Makhanu alizaliwa mtaa wa Kivumbini, hapa hapa Nakuru, na mzee wake alikuwa anaendesha mashine ya kufuma katika kiwanda cha blanketi, enzi zile viwanda vilikuwa vinalia king'ora asubuhi na mji mzima unaamka. Watoto wengine walikuwa wanalala chini ya blanketi, basi. Yeye alikuwa anaambiwa ule mstari wa kijani uliwekwa na nani, na kwa nini mweusi unafuata mwekundu na si mweupe. Kiwanda kilipofungwa mzee alirudi nyumbani na lebo mia moja na hamsini mfukoni badala ya malipo ya maana. Nadhani Makhanu alirithi hizo na lile jicho.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa anachora mabango kwa mkono. Kuku aliyemchora kwa ukuta wa hoteli moja Lanet bado yupo, na mwenye hoteli amepaka ukuta wote rangi mara tatu akimzunguka huyo kuku. Kwangu alikuja kupiga fotokopi, miaka tisa iliyopita, akaniambia herufi za bango langu zinafanya watu wafikirie hapa ni kliniki ya meno. Nilikasirika kwelikweli. Halafu nikakumbuka wiki hiyo watu wawili walikuwa wameingia wakishika mashavu. Nikamwajiri.

Sasa nije kwa suti. Kuna jambo watu wasio wa biashara hii hawalijui. Marehemu wengi hawana picha nzuri. Familia inaleta kitambulisho, ama picha ya harusi ya mtu mwingine ambapo mzee yuko pembeni ameshika soda, macho nusu yamefumba. Kwa hivyo tunakata kichwa na kukiweka kwenye suti. Wakati huo tulikuwa na suti sita kwa kompyuta, na nzuri kuliko zote ilikuwa namba tatu: buluu iliyokoza, shati jeupe, tai ya rangi ya divai. Ni ya ndugu yangu, alipigwa picha siku ya harusi yake, na mpaka leo hajui amezikwa mara ngapi.

Mwezi wa Julai mwaka jana, siku ya Jumatatu, aliingia mama mmoja mfupi, sweta nyeusi, kitabu cha nyimbo mkononi. Alikuwa anaitwa Anyango. Bwanake, Mzee Makokha, alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Mzee alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kule mtaa wa Rhonda kwa miaka thelathini na moja, na mwili ungetoka mochari Alhamisi asubuhi kupelekwa nyumbani Webuye. Kijana wake mkubwa, Jerry, angekuja kesho kutuletea picha na majina, lakini yeye alikuwa ametangulia kwa sababu alikuwa na picha yake ambayo anaitaka. Akaitoa katikati ya kitabu cha nyimbo.

Ilikuwa picha ya zamani, ya wale wapiga picha waliokuwa wanazunguka mitaani na kamera shingoni. Mzee amesimama kando ya mashine, ameshika mdomo wa gunia, na ni mweupe pepe kutoka kichwani mpaka mabegani. Nywele unga, nyusi unga, kope unga. Macho tu ndiyo meusi. Nyuma yake mabati yamejaa matundu na mwanga umeingia kwa mistari, unaona vumbi la unga limesimama hewani. Mimi bila kufikiri nikasema anafanana na zimwi. Mdomo wangu huu. Yule mama hakukasirika, alicheka. Akasema hivyo ndivyo alikuwa anafika nyumbani kila siku, na akinawa kwa mfereji maji yanakuwa uji.

Makhanu alikuwa ameichukua picha akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akakaa nayo. Aliporudi aliiweka mezani mbele yangu kama mtu anaweka yai.

"Unga umemchora," akasema.

Nikamwambia mimi naona mtu ameanguka kwa gunia. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: hapa jasho limepita, limeacha mstari. Hapa amekunja uso miaka yote kwa sababu ya kelele ya mashine, na unga umeingia kila mkunjo. Hapa kidole gumba hakina unga, kwa sababu ndicho anatumia kupima kama umesagika vizuri. Yule mama akasogea, akaangalia kile kidole gumba, akasema ni kweli, na akaanza kulia kimya kimya. Nilimpa kiti.

Basi Makhanu akashikwa. Jioni hiyo, badala ya kwenda kwake, alipanda boda mpaka Rhonda kuangalia hiyo mashine. Alirudi Jumanne asubuhi na vumbi kwenye viatu na picha kumi na mbili kwa simu, na karibu zote zilikuwa za magunia. Akatengeneza ukurasa wa mbele. Picha ya mzee imejaa kutoka juu mpaka chini. Pembeni mistari mitatu, miwili ya buluu na mmoja mwekundu, kama ile inayopita katikati ya gunia. Jina limeandikwa kwa zile herufi za kukatwa kwa bati, ambazo mzee mwenyewe alikuwa anapigia rangi magunia ya wateja ili yasipotee. Hakuweka mawingu. Hakuweka njiwa, waridi, wala mshumaa.

Nilimgombeza. Nilimwambia watu watasema tumechukua kazi na hatukuimaliza. Mazishi bila hata njiwa mmoja? Akanijibu kwamba njiwa hakuwahi kusaga mahindi Rhonda. Ni jibu la ujeuri, na nilimwambia hivyo.

Jerry alikuja saa nane mchana na mamake. Ni kijana mtaratibu, anafanya kazi ya umeme huko Olkaria, viatu safi, anasalimia kila mtu hata waliokuja kufotokopi. Alikuwa na kitambulisho cha mzee ndani ya bahasha. Makhanu akamgeuzia kompyuta aone. Jerry aliangalia kutoka juu mpaka chini.

"Hapana," akasema. "Hii haitoki hapa. Mvalisheni suti."

Makhanu alijaribu kumweleza habari za mwanga na za kidole gumba. Jerry hakutaka kusikia. Alisema watu watacheka. Alisema baba yake amesomesha watoto watano, hawezi kuagwa akiwa amepakwa unga kama mtu hana maji kwake. Hakupiga kelele, aliiweka tu ile bahasha ya kitambulisho mezani.

Anyango alikuwa kwenye benchi. Akasema, "Jerry, huyo wa suti mimi simjui."

"Mama, wakubwa wangu wa kazi wanakuja."

Yule mama akavuta leso yake mabegani. Mnajua vile matanga yetu yalivyo. Kamati inakaa, kijana mkubwa anasema, na mjane anaketi kwa godoro akiamuliwa mpaka rangi ya maua. Kitu kimoja tu alikuwa amekiomba, amzike mtu anayemjua, na mbele yangu kikakataliwa. Nilimhurumia, lakini wacha niseme ukweli: nilikuwa upande wa Jerry. Mimi pia ningetaka baba yangu avae suti.

Walipotoka, Makhanu akafungua ile sehemu ya suti na kukaa akiangalia. Kwa hicho kichwa cha mzee, kipana, namba tatu ndiyo ingekaa vizuri, na mimi nikasema weka hiyo. Akaniambia namba tatu imetoka jana tu, ameivaa Mzee Kang'ethe wa Bahati, hapo nje ya mji.

Hapo ndipo nikasema yale maneno. Nikamwambia Bahati na Webuye wapi na wapi? Mmoja anazikwa huku, mwingine kule, nani atalinganisha? Yeye akanyanyua mabega. Mgonjwa haulizwi uji, na mwajiriwa naye haulizwi suti. Jumatano tukachapisha nakala mia tatu, na njiwa wanne.

Nilikuwa nimefikiria makaburi. Sikufikiria kwamba wafu wote, wa Bahati na wa Webuye, wanatokea mlango mmoja wa mochari, na kwamba familia zote mbili zilikuwa zimepewa Alhamisi asubuhi.

Yaliyotokea huko nilielezwa baadaye na mtu wa kwaya. Watu wa Kang'ethe walikuwa upande mmoja wa uwanja wa mochari, wa Makokha upande mwingine, viti vimechanganyika. Mzee mmoja wa Bahati akaketi, akaokota programu kwenye kiti, na kujipepea nayo kidogo kabla ya kuitazama. Akaona kichwa cha mtu asiyemjua kwenye kifua cha binamu yake Kang'ethe. Akaita mwingine. Wakaweka programu mbili sambamba: shati lile lile, tai ile ile, mpaka kile kikunjo kidogo chini ya fundo la tai. Mtu akakohoa. Halafu kuna mwanamke alicheka, akaziba mdomo, na ikawa kama moto wa majani makavu. Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti. Kuna mtu alisikika akisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Huo msemo naujua, na nimeutumia mara nyingi kwa watu wengine, lakini siku hiyo ulikuwa umesemwa juu ya kazi ya duka langu.

Kisha dada yake Mzee Makokha, mama wa miaka themanini hivi aliyesafiri kutoka Webuye, akaomba aonyeshwe. Akaelezwa kwamba hilo ni koti moja la watu wawili. Huyo mama hajui mambo ya kompyuta, na hata angejua sidhani ingesaidia. Alisema ndugu yake hafiki nyumbani akiwa amevaa koti la maiti mwingine. Akaenda kusimama mlangoni mwa basi, na makatoni ya programu hayakupakiwa.

Simu ya Jerry ilinipata saa mbili na dakika arobaini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana.

"Madam," akasema, "watu wanamcheka baba yangu."

Kulikuwa na uongo mwingi ungenitoka hapo, maana biashara inafundisha. Ningesema ni kompyuta, ningesema ni Makhanu. Lakini ile sauti yake ilinikata maini. Nikamwambia kosa ni langu, nisamehe. Nikasikia kwaya nyuma yake imeanza tena, polepole, wakijaribu kufunika aibu. Akasema basi linaondoka saa sita, nilete zingine kabla ya hapo, chochote, yeye hataki hata kujua. Akakata.

Makhanu alikuwa amesikia. Alikuwa tayari ameanza kufungua suti namba tano.

"Fungua ile ya unga," nikamwambia.

Aliniangalia kana kwamba nimelewa. Akanikumbusha Jerry aliikataa. Nikasema Jerry amesema chochote. Nilijua vizuri hiyo siyo maana ya Jerry, na niliogopa, kwa sababu kumwaibisha mtu mara mbili asubuhi moja, mbele ya jeneza, hilo si jambo la kuombewa msamaha kwa simu. Lakini nilikuwa nimemkumbuka yule mama kwenye benchi. Nilikuwa nimemuuzia mume asiyemjua.

Tukachapisha. Makhanu alilisha karatasi, mimi nikakunja, kwa mikono yangu, na kupiga pini. Sijawahi kukunja programu tangu nianze kuajiri watu. Na wacha niwaambie, uso mmoja ukipita mkononi mwako mara mia tatu, lazima utauona. Karibu nakala ya sitini niliona ile mistari ya mwanga. Kama ya mia, nikaona kwamba mzee hakuwa amekunja uso kwa hasira, alikuwa ameitwa jina na mtu aliyempenda na anataka kucheka lakini unga wa mashine unamkaba. Nilimwuliza Makhanu kama aliyekuwa anamwita ni mkewe. Akasema alidhani nimeona tangu Jumatatu. Nikaendelea kukunja, na nikaona aibu, kwa sababu miaka tisa nimekaa na huyu mtu nikimcheka na nyanya zake.

Saa tano na nusu tulipanda boda wote wawili, katoni katikati yetu. Watu wa Bahati walikuwa wameshaondoka. Basi la Webuye lilikuwa linanguruma, jeneza limeshapakiwa, na yule dada wa mzee bado alikuwa mlangoni na bakora yake. Nilimpa Anyango nakala ya kwanza kabla ya mtu yeyote. Aliishika kwa mikono miwili. Hakuifungua ndani, hakuangalia ratiba wala majina ya wajukuu. Alimwonyesha wifi yake, na wifi akaitazama sana, halafu akatoka mlangoni.

"Sasa twende," Anyango akasema. "Huyu ndiye wangu."

Kisha Jerry akaja kutoka upande wa dereva. Niliona amemwona mamake na ile karatasi, na nikajua amejua ni ipi. Makhanu akajisogeza mbele yangu kidogo, sijui kunikinga ama kupokea lawama zake. Jerry akachukua nakala kutoka kwa katoni. Akaitazama. Akapitisha kidole gumba kwenye nyusi za mzee, mara moja, halafu mara ya pili kwa nguvu zaidi, vile mtu anampangusa mwingine vumbi usoni. Unga haukutoka.

"Alikuwa anakuja kuniona shule siku ya wazazi akiwa hivi," akasema, na alikuwa anamwambia Makhanu, si mimi. "Anatoka kazini moja kwa moja asichelewe. Nilimwambia awe anasimama nje ya geti."

Makhanu akamwuliza, "Na alikuwa anasimama?"

"Alikuwa anasimama," Jerry akasema. "Mpaka kengele ya mwisho."